Safari Aliyoipanga Yotamu

Mwaka 1955, kwenye shamba moja la chai juu ya Nyololo, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeijua barabara ya kwenda Kusini, na mtu huyo hakuwa Mzungu. Alikuwa Yotamu, fundi wa gereji, Mnyakyusa wa makamo ambaye vidole vyake vilikuwa na grisi hata Jumapili kanisani. Wazungu walikuwa na ramani. Yotamu alikuwa na miguu yake, maana sehemu ya barabara ile aliitembea akiwa kijana, yeye na kaka yake Ezekia, wakienda kutafuta kazi ya machimbo Broken Hill, na sehemu iliyobaki aliijulia kwenye utingo wa malori mpaka mto Limpopo. Alirudi nyumbani mwaka 1946. Ezekia hakurudi.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na ninalisema mapema ili mtu asije akanilaumu kwamba nilimficha. Mama yao, Damari, alikuwa bado hai kule Uyole, bibi wa kutembea akipapasa ukuta, na kwa miaka tisa swali lake lilikuwa moja tu: Ezekia yupo au hayupo? Mtu mmoja alirudi kutoka huko akasema amemwona kwa macho yake. Mwingine akaja akasema alikufa kwa homa siku nyingi. Yotamu alimwandikisha karani barua tatu na zote hazikujibiwa. Mwisho mama akasema hataki kusikia habari ya karatasi tena. Alitaka mtu wa nyumbani aende, asimame mbele ya Ezekia, amwambie mama yako anakwisha, njoo. Na kama amekufa, basi wakae matanga wamlilie, kuliko kuishi hivi, msiba usiojulikana kama ni msiba.

Sasa Bwana mwenye shamba, ambaye watu walimwita Bwana Kipimo kwa kuwa hata kamba ya mbuzi aliipima, alinunua Landrova mpya, ile ndefu yenye turubai nyuma. Siku ya pili akaingia gereji na daftari mkononi. Alitaka kwenda Kusini na mkewe na mtoto wao wa miaka miwili, miezi miwili ya kiangazi, akiendesha mwenyewe na kulala kwenye hema porini, bila hoteli wala dereva.

"Yotamu," akasema kwa Kiswahili chake kile, "wewe najua barabara yote. Wewe sema, mimi naandika. Halafu wewe nakuja na mimi."

Yotamu alikuwa amelala chini ya lori. Alitoka akajifuta mikono kwa kitambaa, akajifuta tena, kisha akaomba Bwana arudie neno la mwisho. Bwana akarudia. Mimi nakwambia, mtu yule hakuwahi kufurahi hivyo hata siku ya harusi yake, na mkewe Sekela mwenyewe alikuwa akisema hivyo bila kununa.

Wiki tatu safari ile ilipangwa pale gereji. Yotamu alichora barabara kwa chaki sakafuni, kuanzia mlangoni mpaka kwenye benchi la vyuma. Hapa Mbeya, hapa Tunduma, hapa unaingia nchi ya pili. Bwana alichuchumaa pembeni yake akiandika. Akaambiwa kutoka Mpika kwenda mbele barabara imejikunja kama bati, ukienda polepole utavunja meno na ukienda mbio utavunja springi, kwa hiyo chukua springi mbili za akiba na uzifunge chini, si juu. Akaambiwa petroli utaipata wapi na wapi utadanganywa kwamba ipo. Akaambiwa kuna vibanda vya mbung'o, gari lazima lisimame lipulizwe dawa, na mtu wa kibanda akikuta umefungua dirisha atakurudisha nyuma. Akaambiwa usipige hema kwenye mchanga wa mto hata kama ni mkavu na unavutia, maana mvua hunyesha mbali ambako wewe huioni. Yote hayo yakaingia kwenye daftari, maneno ya Yotamu kwa mwandiko wa Bwana.

Na Broken Hill? Broken Hill alichora duara kubwa. Akasema hapo tutapumzika siku moja, gari likaguliwe. Bwana akauliza kwa nini hapo na si Lusaka mbele kidogo, ambako kuna kila kitu. Yotamu akaona hakuna haja ya kuzunguka, akamweleza habari za Ezekia na mama. Bwana alisikiliza mpaka mwisho, akaweka alama kwenye daftari, akasema siku moja ni nyingi lakini nusu siku itawezekana. Hakuwa mtu mbaya, nami sitamsingizia. Ningefurahi sana kama angekuwa mbaya, hadithi hii ingekuwa nyepesi kuisimulia.

Jumamosi Yotamu alipata lifti mpaka Uyole, akamwambia mama yake uso kwa uso. Bibi Damari alimshika mkono. Kisha akasema, "Siku mtakayopita nitakaa barabarani. Gari lisimame kidogo nikushike kichwa, ndipo uende." Yotamu akasema litasimama. Akarudi Nyololo akaendelea kukaza boliti ambazo zilikuwa zimekazwa tayari.

Zikiwa zimebaki siku tisa, yaya wa nyumba kubwa, mama mmoja wa Kihehe aliyeitwa Benedicta, akasema haendi kokote kulala porini na fisi, aachishwe kazi ikibidi. Memsahibu akahangaika. Akaangalia nani mwingine amezoeana na mtoto, akamwona Marta. Marta alikuwa mwanamke wa miaka kumi na tisa, mpole, mfua nguo wa nyumba ile, na mtoto alimpenda kuliko mama yake. Alikuwa mke wa Asukile. Na Asukile alikuwa mtoto wa kwanza wa Yotamu.

Bwana Kipimo alikuja gereji akitabasamu kama mtu aliyebeba zawadi. "Wewe hapana kuwa mpweke njiani," akasema. "Mimi nachukua Marta. Mtu ya nyumba yako. Nyinyi mbili nakaa nyuma pamoja na mtoto."

Kama wewe si mtu wa kwetu utauliza tatizo liko wapi. Tatizo ni kwamba kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba hawapendani, la. Wanaheshimiana heshima ya kuogopana, na kwa Kinyakyusa huitwa ukutila. Mwanamke haingii nyumba aliyomo baba mkwe wake, hamtazami usoni, hasemi naye, hatamki jina lake. Wakikutana njiani yeye ndiye anayetoka njiani, anainama majanini, anajifunika nguo kichwani mpaka mzee apite. Pale shambani Marta alikuwa na njia yake ya kwenda mtoni na Yotamu njia yake ya kwenda kazini, na watoto wote wa kambi walijua ipi ni ya nani. Miaka miwili mkwe yule ameolewa, Yotamu hajamwona uso. Mara moja tu, mwanzoni, Marta alikata kona ya ghala akiwa na ndoo kichwani wakakaribia kugongana, na Yotamu alikaa siku mbili bila kurudi kwake kula, mpaka wazee wakaitwa, na Marta akakaripiwa na kina mama hadi akalia. Yotamu ndiye aliyetaka akaripiwe. Alisema afundishwe vizuri.

Sasa waingie sanduku la turubai pamoja, magoti kwa magoti, miezi miwili, walale hema moja la wafanyakazi?

Karani wa shamba, Silvester, Mhehe wa Iringa aliyependa kucheka mambo ya makabila ya wengine, alimkuta amekaa juu ya tairi. Ndiye aliyeziandika zile barua tatu, na alijua safari ile ina uzito gani kwake.

"Ninyi watu mnajitafutia shida," Silvester akasema. "Wewe si mzee wa kanisa? Mwulize mchungaji."

"Nimemwuliza."

"Amesemaje?"

"Amesema si dhambi."

"Sasa?"

"Si dhambi," Yotamu akasema. "Lakini yeye hatakaa kambini kusikia watu watakachokisema juu ya yule mtoto wa watu. Akikaa mwaka bila mimba, watasema ni mimi. Akiugua tumbo, ni mimi. Wewe ungependa mkeo asemwe hivyo?"

Silvester akaacha kucheka. Akasema basi mwombe Bwana ambadilishe Marta. Yotamu alikwisha kuomba asubuhi ile. Memsahibu alikataa, mtoto hamtaki mwingine. Akaomba Asukile aende badala yake, angalau mume akae na mkewe na ujumbe ufike. Bwana akasema Asukile anajua nini kuhusu barabara. Ndipo Yotamu akamweleza Bwana habari ya ukutila, kwa upole, neno kwa neno, akisimama wima na kofia mkononi. Bwana Kipimo alisikiliza mpaka mwisho kama kawaida yake, halafu akakasirika. Akasema alidhani Yotamu ni mtu aliyestaarabika. Akasema kama anaona aibu kukaa na binti wa nyumba yake mwenyewe, basi abaki na aibu yake. Barabara yote imo kwenye daftari.

Na kweli ilikuwamo. Wiki tatu Yotamu alikuwa ameitoa barabara kichwani na kuimimina humo, mto kwa mto, akidhani anajitengenezea nafasi, kumbe anajifanya asihitajike. Nafasi yake nyuma ya Landrova ilichukuliwa na madebe manne ya petroli. Aliyafunga yeye mwenyewe kwa kamba, maana hakuna mwingine aliyejua kuyafunga yasilie njiani.

Msidhani hakufikiria kwenda tu, liwalo na liwe. Alifikiria. Alikuwa akipaka grisi magurudumu huku akijiambia mama yangu ni mmoja na wakwe watakuja wengine. Kisha angemwona Asukile anapita na jembe, kijana wa watu, anamwamkia baba yake kwa heshima zote, na moyo unarudi nyuma. Hakukuwa na mtu wa kumsaidia kubeba jambo lile. Alikuwa na hasira na Bwana, na yaya, na mchungaji, na zaidi ya wote alikuwa na hasira na nafsi yake kwa kushindwa kuwa mtu wa kutojali.

Mwishowe akapata shauri. Marta si mtu wa nyumbani? Anasema Kinyakyusa, ana macho, ana akili. Mama alitaka mtu, si karatasi, basi mtu ndiye huyo. Yotamu alikaa jikoni kwake akamwambia Sekela maneno yote, na Sekela akayapeleka kwa Marta upande wa pili wa shamba la chai, akarudi na jibu, akapeleka tena. Maneno yenyewe yalikuwa haya: ukifika Broken Hill nenda geti la kambi ya wachimbaji, mtafute Mnyakyusa yeyote, mwambie amwite Ezekia wa Uyole. Akija mwambie mama yu hai lakini macho yamekwisha, na arudi kabla ya mvua. Marta akajibu kupitia kwa mama mkwe wake kwamba amesikia. Sekela alisema binti aliyarudia maneno yote bila kukosea, isipokuwa majina, hayo aliyaruka.

Yotamu alimwomba Bwana neno moja tu, asisahau lile duara. Bwana, ambaye hasira yake ilikuwa imepoa, akasema ahadi ni ahadi.

Waliondoka Jumatatu asubuhi. Yotamu hakuwapo kuwaaga kwa sababu Marta alikuwa garini. Alisimama ndani ya gereji na mlango umefungwa, akisikiliza injini ikishuka kuelekea barabara kuu. Ilikuwa inaunguruma vizuri. Baadaye watu wa Uyole walimhadithia kwamba bibi Damari alikaa kando ya barabara tangu alfajiri na kigoda chake, na Landrova ilipita bila kusimama, kwa kuwa hakuna aliyemwambia Bwana asimame, na aliyejua kwamba lazima isimame hakuwamo ndani. Bibi alikaa pale mpaka saa nane. Alikuwa akisema gari lile lililopita halikuwa lao.

Wiki tisa. Yotamu alifanya kazi yake. Kila siku alijua kwa kichwa wamefika wapi: leo wako Tunduma wanagongewa vyeti, leo wamelala Mpika, leo Broken Hill. Siku hiyo ya Broken Hill hakula mchana. Alimwambia Sekela kwamba saa hizi Ezekia amekwisha kujua. Akaanza hata kusafisha kile kibanda cha nyuma, akatoa mitungi iliyovunjika, akaweka kitanda, kwa kuwa mtu akitoka mbali hivyo atataka kupumzika Nyololo siku moja kabla ya kwenda kwa mama. Sekela alimwangalia akafagia naye.

Mwishoni mwa Septemba Landrova ikarudi, nyekundu kwa vumbi mpaka kwenye kioo. Springi moja imevunjika, ya pili ni ile ya akiba, imefungwa chini kama alivyosema. Bwana Kipimo alishuka amekonda na amefurahi, akampa mkono, kitu ambacho hakuwa akifanya. Akasema daftari halikukosea hata mto mmoja. Akasema walisimama Broken Hill, alimpeleka Marta getini mwenyewe, akamwachia nusu saa akaenda kujaza petroli. "Yeye narudi, nanyamaza," akasema. "Mimi nauliza, yeye nalia kidogo. Mimi nafikiri kaka yako nakufa. Pole sana."

Yotamu akaishika ile pole. Akatoka gereji akaenda moja kwa moja nyumbani, akakaa kwenye benchi, akamtuma Sekela upande wa pili. Alikuwa tayari. Alikwisha kupanga atakavyomwambia mama yake, nani wataitwa kwenye matanga, ng'ombe gani.

Sekela alichelewa. Aliporudi hakuingia ndani, alisimama mlangoni na kanga yake mdomoni.

"Baba Asukile," akasema, "kaka yako hakufa."

Yotamu akasimama.

"Kaa," Sekela akamwambia. "Kaa kwanza."

Akakaa. Sekela akamweleza. Marta alifika getini akampata mlinzi, mtu wa Karonga, wakasikilizana lugha. Jina hakuweza kulitamka, akamwambia ni yule Mnyakyusa mzee wa Uyole, wa ukoo wa mumewe, na mlinzi akamjua, wapo wachache. Akatuma mtu ndani. Marta akangoja. Halafu mlinzi akasema, yule anakuja, baba mkubwa wa mumeo.

Yotamu akamwangalia mkewe, na polepole jambo likamfikia, jambo ambalo yeye na mkewe na wazee wote wa kambi hakuna aliyelifikiria, kwa kuwa kila mmoja aliwaza Ezekia kama mtoto wa Damari, na hakuna aliyemwaza kama alivyokuwa kwa Marta. Kaka wa baba mkwe ni baba mkwe. Na mkubwa wake, zaidi.

"Alijificha," Yotamu akasema.

"Alitoka njiani, akainama nyuma ya mapipa, akajifunika kichwa. Anasema mwili ulikwenda wenyewe. Alisikia viatu vinakuja mpaka getini. Alisikia anauliza kwa Kinyakyusa, ni nani wa nyumbani? Mlinzi akageuka akaona hakuna mtu, na zamu ilikuwa inatoka, watu wengi, akaenda kwenye kazi yake. Yule akasimama. Marta anasema mzee alisimama muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti, kama mama amekufa, niambieni." Sekela akajifuta macho. "Hakujibiwa. Mkwe hawezi kumjibu. Akarudi ndani. Halafu Bwana akapiga honi."

Yotamu alikaa mikono juu ya magoti. Nje watu wa zamu ya jioni walikuwa wakipita na vikapu vya chai, wakimwamkia, naye hakuitika hata mmoja. Sekela akasema binti analia huko, hajala tangu juzi, anaomba asichukiwe, anangoja neno lake.

"Mwambie amefanya vizuri," Yotamu akasema. "Mwambie hakuna mkwe mwenye adabu kama yeye."

Sekela akageuka kwenda. Akamwita tena.

"Mwulize, ana mvi? Amekonda? Niwe na kitu cha kumwambia mama."

"Nimekwisha kumwuliza," Sekela akasema. "Hajui. Hakumtazama."